Lusubilo Nzunda, Aliyewafungisha Samaki

Marehemu Mzee Lusubilo Nzunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Itaka, wilayani Mbozi, mtoto wa tatu wa wakulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza mwaka 1973. Ripoti yake ya mwisho iliandikwa: "Akili anayo, kutulia hapana."

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Tusekile katika Kanisa la Moravian. Siku ya harusi alitoka mara mbili kwenda kutazama miche yake.

Alifyatua matofali, akapeleka mahindi Tunduma. Kila kazi aliona inamchelewesha. Mwaka 2009 alichimba bwawa la perege. Wateja wa kwanza kutoka ng'ambo ya mpaka walimrudishia samaki: wananuka tope. Aliumia sana. Bibi samaki, yaani afisa uvuvi wa wilaya, akamwelekeza asiwalishe siku mbili kabla ya kuvua, maji safi yakipita, ili matumbo yasafike na nyama ikaze. Mzee akawaza, kama mbili zinafaa, kumi je? Akawanyima chakula siku kumi; samaki wakatoka vichwa vitupu, wameng'atana mapezi. Kijiji kilicheka wiki nzima. Yeye alichelewa kidogo kucheka. Tangu hapo siku mbili za kufunga zikawa sheria, na wateja wakarudi.

Julai 2024 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimwambia alale. Alilala, lakini kila saa aliulizia bwawa. Asubuhi ya Alhamisi, 12 Septemba, aliagiza kutoka kitandani: "Leo msiwape chakula. Jumamosi tunavua." Saa tano akafariki.

Jana waombolezaji walijaa, maharage yakapungua. Watson, mdogo wake Tusekile, akaja na wavu.

"Dada, watu wana njaa."

"Samaki nao wana njaa. Bado siku moja."

"Huu ni msiba, dada, siyo biashara!"

"Ndiyo maana. Watu wasile tope kwenye msiba wa Nzunda."

Tusekile akasimama ukingoni mwa bwawa mpaka wavu ukarudishwa nyumbani. Watu walinung'unika, wakala ugali na mboga za majani.

Leo asubuhi Tusekile alishuka mwenyewe bwawani. Akasema, "Haya, vueni," kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Ameacha mjane, watoto wanne, Gwantwa, Joshua, Ketrina na Fanuel, pamoja na wajukuu tisa. Apumzike kwa amani, ingawa tunajua mwanzoni kutulia kutamshinda.