Siku Kama ya Leo: Tunamuaga Mzee Tarehe

Mzee Tarehe ametangaza kipindi cha Leo Hii kwa miaka thelathini na minne, na tarehe thelathini ya mwezi uliopita alizima maikrofoni, akastaafu. Hayo ndiyo maneno ya kutangulia, nimeambiwa, mengine yafuate nyuma. Haya, yametangulia. Mimi ni mama wa chai hapa redioni. Kalamu na mimi hatujuani, kwa hiyo mimi nasema, dada wa mapokezi anaandika. Nimepewa kazi hii kwa sababu tulioanza na Mzee Tarehe tumebaki mimi na birika.

Leo Hii, kwa asiyeijua, kama yupo, ni kipindi cha asubuhi. Anaanza na habari: nani kasema nini, bei ya nini imepanda, daraja gani limekwenda na maji. Kisha anatia neno lake moja, dogo, kama chumvi. Kisha anasema leo ni siku ya nini duniani, maana kumbe kila siku ina mwenyewe: kuna siku ya nyuki, kuna siku ya walimu, kuna siku ya kunawa mikono. Halafu ndiyo inakuja ile yenyewe, Siku Kama ya Leo: mfalme fulani kavuliwa taji, meli fulani imezama, watu wametua mwezini. Siku ile ya mwezini nilimwambia kama wamerudi na vumbi miguuni wajifute mlangoni, mimi nimeshapiga deki.

Neno lake dogo hilo, msilidharau. Ilifika Siku ya Choo Duniani, na choo cha ofisi hii kilikuwa kimefungwa wiki ya pili, kamba mlangoni. Mzee Tarehe akasoma habari za mkutano wa wakubwa kuhusu usafi, akameza mate, akasema, "Tunawapongeza sana. Sisi hapa redioni siku hii tunaisherehekea kwa jirani." Jua halijafika utosini, fundi bomba huyo, na mkoba wake. Mkurugenzi wa wakati ule hakucheka. Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa nasema nini? Chumba. Chumba chake ni kidogo, kuta zimevikwa sponji, ukifunga mlango ni kama umezama ndani ya mto wa pamba. Taa nyekundu ikiwaka, mvuke wa chai unapanda kwenye kioo, na yeye huko nyuma ya mvuke anafifia, anarudi, anafifia. Hapo akitaja mwaka wa zamani, jamani, unauona umeingia taratibu, umevua viatu, umekaa kwenye kiti cha mgeni. Mara ngapi nimesimama na kijiko cha sukari mkononi, chai inapoa, mimi sipo. Yeye alikuwa akiniambia, "Mama, siku haipiti. Inazunguka mtaa tu, mwaka ukiisha inabisha hodi tena. Ukiinyima kiti, wewe ni mchoyo."

Ndiyo maana akaanza desturi yake ile. Wakubwa wakishamaliza kuvuliwa mataji, anamalizia na siku ya mtu mdogo. Watu walikuwa wanamletea dirishani, wanampigia simu. "Siku kama ya leo, fundi baiskeli wa pale kona alipata meno ya bandia." Siku hiyo fundi anashinda anacheka bila sababu, wateja wanampa mkono. "Siku kama ya leo, muuza mkaa na mkewe walipatana baada ya kununiana msimu mzima." Basi wakianza kununiana tena, watu wanawaambia, subirini, siku yenu inakuja.

Na siku moja katika hizo ilikuwa yake mwenyewe. Kila mwaka, tarehe tatu ya mwezi huu, alisema maneno yale yale, hazidishi, hapunguzi: "Siku kama ya leo, mvua ikinyesha, dada mmoja alitoka nyumbani na mwavuli wa kijani. Redio aliiacha."

Ni dada yake mkubwa huyo. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kutaja siku na miezi, akikosea anarudishwa mwanzo. Mama yao alipofariki wakagombania redio yake, nani abaki nayo. Redio yenyewe kitasa chake kimoja kimeng'oka, unazungusha kwa koleo! Lakini msiba una wazimu wake. Yakatoka maneno, yakatoka mengine, dada akafungua mwavuli, akaenda. Hakuandika, hakutuma mtu. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wanasema, wakipatana chukua kapu ukavune. Mzee Tarehe alilima peke yake miaka yote hiyo, kapu limetundikwa.

Sasa tazameni mambo. Kustaafu ni tarehe thelathini, siku ya dada ni tarehe tatu. Alikwenda kwa mkurugenzi kuomba asubuhi moja tu. Mkurugenzi wetu wa sasa ni kijana wa heshima zake, akamwekea kiti kabisa, lakini akasema, "Mzee wangu, karatasi za kustaafu hazisukumwi, na kuanzia tarehe moja saa ile tumeipa muziki." Akatoka pale, akaja jikoni, akakaa kwenye kile kigoda changu kibovu. Nikamwambia, "Usikae hapo, kitakuangusha." Akasema, "Mama, tarehe tatu itabisha hodi, mlangoni pataitikia gitaa." Nilimwongezea chai.

Ikafika asubuhi ya mwisho. Sote tumejipanga nyuma ya kioo, hata mlinzi kaacha geti. Akasoma habari, akatia chumvi yake, akatutajia siku ya dunia, mataji yakavuliwa. Taa nyekundu bado inawaka, mvuke unapanda. Akasema: "Siku kama ya leo, mvua ikinyesha, dada mmoja alitoka nyumbani na mwavuli wa kijani. Redio aliiacha."

Tarehe thelathini! Mtu ambaye hajawahi kukosea hata siku ya nyuki! Fundi mitambo akashika kichwa. Simu za mapokezi zikaanza, moja haijawekwa nyingine inalia. Muuza nyama: "Mwambieni bado, ni tarehe tatu!" Nesi wa zamu: "Mzee anaumwa? Mpimeni presha." Dereva wa lori kasimamisha lori barabarani, honi zinalia nyuma yake, anagomba: "Hiyo tarehe mimi naijua kuliko ya harusi yangu!" Maskini, wote wanafikiri uzee. Kumbe aliona siku haitamkuta, akaenda yeye kuipokea njiani.

Halafu ikaja simu moja, sauti ya mwanamke, kavu kama karatasi. Dada wa mapokezi huyu huyu ndiye aliyeipokea.

"Nipe huyo mtoto."

"Mtoto gani, mama? Hapa ni redioni."

"Huyo mzee wenu anayewadanganya watu."

Simu wakampelekea mle mle chumbani. Tulimwona kupitia kioo, miwani kaivua, kasimama wima kama yuko mbele ya mwalimu. "Ndiyo, dada. Nimekosea, dada. Tarehe tatu, dada. Ndiyo, ilikuwa inanyesha, leo hainyeshi." Fundi mitambo alisahau kuzima, kwa hiyo mji mzima ulimsikia akiuliza kwa sauti ya mtoto, "Kwa nini hukupiga siku zote hizo?" Na mji mzima ukasikia jibu: "Kila mwaka ulikuwa unasema sawasawa. Ningepiga nikurekebishe nini?"

Chai ya asubuhi ile hakuna aliyeinywa.

Mzee Tarehe, tunakushukuru kwa habari, kwa chumvi, kwa choo, kwa meno ya fundi. Na mkurugenzi tumshukuru pia: karatasi hakuzisukuma, lakini kupanga siku ya sherehe hii ilikuwa kazi yake, na kaipanga leo, tarehe tatu. Dada mtu alishuka basi jana jioni, jua kali, mwavuli wa kijani mkononi. Nimewawekea viti viwili vya mbele, vizima, na katikati yao meza ndogo ya ile redio ya mama yao. Koleo nimeliweka hapo hapo. Nendeni mkaishi vizuri, wanangu, na mwaka ujao tarehe tatu ikibisha hodi, mfungulieni pamoja.