Christina Ametoka wa Nne

Ukitoka soko la Gitega ukateremka kuelekea Nyamugari, utakuta benchi refu la mbao za mkaratusi lenye miguu mitatu na tofali moja. Hapo Houssein humimina kahawa ya tangawizi tangu asubuhi, na kwa kuwa kikombe kimoja kinampa mtu ruhusa ya kukaa saa mbili, benchi halikosi watu. Majina ya kwenye kitambulisho hayatumiki hapo. Houssein mwenyewe anaitwa Wa Tano, kwa sababu kwenye uchaguzi wa kilima chao, ambacho Burundi ndicho kijiji, alitoka wa tano akaingia kwenye baraza, maana kila kilima kinachukua watu watano, na tangu siku hiyo hajamwacha mtu asahau. Cirhuza, Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge, ni Avoka, yaani wakili, kwa vile hajawahi kukubali kwamba ameshindwa ubishi. Egidius wa pikipiki ni Bila Breki, na wiki hiyo esansi, yaani petroli, ilikuwa haipatikani, kwa hiyo alikuwa na muda wa kuongea mpaka achoke mwenyewe. Na mzee Sebastiani, aliyekulia Kasulu, Tanzania, akarudi kulima Makebuko kichwa kikiwa kimeshaota mvi, ni Kasulu. Ijumaa ile ya Mei mwenye habari alikuwa Kasulu, na simu alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

Habari zilimhusu Christina, binti yake wa pekee. Aliondoka kwenye kambi ya wakimbizi na shangazi yake Adventina akiwa na miaka kumi na miwili. Faili la shangazi la kuhamia Ulaya lilipita, la baba halikupita. Miaka kumi na tisa sasa. Huko Uingereza anatunza wazee, katika wilaya moja inayoitwa Harlowmere, na safari hii alikuwa amegombea udiwani. Alfajiri alituma picha ya karatasi ya matokeo na maneno machache: "Baba, matokeo ndiyo haya. Kura zimehesabiwa usiku kucha, nalala kidogo, nitakupigia." Hakuandika ameshinda wala ameshindwa.

Kuna jambo Kasulu hakuliambia benchi. Mwezi wa tatu Christina alimwambia kwa simu: "Baba, nikianguka, Agosti nakuja nyumbani. Nikipita sitaweza, nimewaahidi watu kwamba mwaka wa kwanza sikosi mkutano hata mmoja." Kasulu alijibu kama baba anavyotakiwa kujibu, akasema atamwombea apite. Na kweli aliomba, Jumapili zote. Ila Jumatatu ya kwanza baada ya simu ile alikwenda kwa Kasiano fundi akaagiza kitanda cha futi tano, na alipoulizwa ni cha nani, akasema cha wageni.

— Leta tuone, alisema Avoka huku akivaa miwani. Mi nasomaka kizungu cha kila aina.

— Hicho ni Kiingereza, Avoka, alisema Kasulu.

— Kifaransa na Kiingereza ni mtu na mdogo wake. Leta.

Vichwa vinne viliinamia simu. Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani, na Christina, au aliyempigia picha, alikuwa na haraka: upande wote wa kulia kulikuwa na bega la mtu mwenye koti. Pengine nyuma ya bega palikuwa na maneno ya maana.

— Majina iko saba, Avoka akatangaza. Christina ni huyu. Mia tisa na tatu. Ngoja nipange bale bengine. Wa kwanza, elfu moja na kumi na mbili. Wa pili, mia tisa sitini na nane. Wa tatu, mia tisa arobaini na moja. Alors, Christina ametoka wa nne.

— Wa nne! Houssein akaweka birika chini. Basi ameingia!

— Umejuaje? Kasulu aliuliza.

— Mimi nilitoka wa ngapi?

— Wa tano, benchi likaitikia kwa uchovu.

— Na niliingia ama sikuingia?

— Uliingia.

— Sasa kama wa tano anaingia, wa nne anaachwaje nje? Hongera, mzee Kasulu! Umezaa diwani.

Wakampa mikono. Egidius alimpiga begani mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. Kasulu alitabasamu, akasema asante, asante sana, na moyoni akaiona Agosti inaondoka hivi hivi. Alijionea aibu. Ni mzazi gani anayepewa hongera akatamani kulia?

— Si umpigie, mzee, utuhakikishie? Egidius alisema.

— Amelala. Ameandika mwenyewe kwamba amelala.

— Voilà! Avoka akadaka. Mutu mwenye alishindwa hawezi pata usingizi. Amelala, donc alishinda.

Hoja hiyo iliwapendeza wote, na Houssein akaongeza kahawa. Lakini Egidius alikuwa amekwisha fungua kikokotoo cha simu yake, maana mtu asiye na esansi hujumlisha chochote anachokiona.

— Oya, ngojeni kidogo. Mi nimejumlisha kura za hao watu saba. Iko elfu tano mia nne ishirini na nne. Avoka, hapa chini wameandika nini?

Avoka alisogeza simu karibu na pua, akaisogeza mbali.

— Karatasi zenye zilitolewa kwa batu. Elfu moja mia tisa thelathini na nne.

— Watu elfu moja na mia tisa, kura elfu tano?

Vichwa viliinamia simu tena.

— Yewe! alisema Egidius. Wameiba!

— Waingereza? Houssein hakuamini.

— Kwani wao hawana mikono?

— Kama wangekuwa wameiba, Kasulu alisema polepole, wasingebandika ukutani hesabu inayowasema wenyewe.

— Mzee ana haki, alisema Avoka. Haiko wizi. Mi nitawaelezea. Kule mutu anapigaka kura ya nyumba yake. Uko na bibi na mtoto mmoja, unapewa kura tatu. Kapera anapewa moja.

— Na mwenye wake wawili? Houssein aliuliza, kwa sababu zake.

— Kule hakuna.

— Pengine ni kura za posta, Kasulu alisema. Christina aliniambia wengine hupiga kura kwa barua. Unaweka alama nyumbani kwako, unaitia kwenye bahasha, unatuma.

Jambo hilo liliwashtua kuliko wizi.

— Kwa barua? Houssein alishika kichwa. Nani anaona umepiga wewe? Nani anakupaka wino kidoleni?

— Hakuna wino.

— Hakuna wino kabisa? Basi mtu anaweza kupiga asubuhi, akala, akarudi.

— Ndiyo maana kura ni elfu tano, Egidius akasema. Wamerudi. Mi ningerudi, sha. Na kuna kitu kingine. Mzee Kasulu, ile picha ya jana ya mbwa, bado uko nayo?

Kasulu aliifungua. Christina alikuwa ameituma siku ya kupiga kura: mlango wa kanisa lililogeuzwa kituo, na nje yake mbwa wanne wamefungwa kwa kamba, wamekaa kwa adabu wakitazama mlango.

— Unaona ile mbwa? Egidius alishusha sauti. Mbwa haendi kanisani. Mbwa haendi ofisini. Hapa wamepanga mstari. Wanasubiri zamu.

— Bila Breki, mbwa anapiga kura na nini?

— Na mguu. Wino wanautia kwenye mguu. Ndiyo maana wa watu umekosekana.

Walicheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali. Kasulu naye alicheka, machozi yakamtoka, na hakuna aliyeona kwamba machozi yalikuwa zaidi ya kicheko.

— Ila huyo diwani kule, Houssein aliuliza walipokwisha kurudisha tofali mahali pake, kazi yake nini hasa?

— Mapipa, alisema Kasulu.

— Mapipa ya nini?

— Ya taka. Walikuwa wanayamwaga kila wiki, sasa wiki mbili mara moja, watu wamekasirika. Christina alisema yarudi kila wiki. Na mashimo ya barabarani.

— Wako na mashimo? Egidius aliuliza kwa furaha ya kweli. Uingereza iko na mashimo?

— Makubwa. Alinitumia picha.

— Basi tumshike huyo mtoto mapema! Akimaliza ya kule, aanze Gitega mpaka Makebuko.

— Mi nataka karatasi tu ya kunialika, alisema Avoka. Diwani akitia sahihi, ambasade hawezi kataa.

Hivyo ndivyo walivyomgawana Christina. Mmoja alichukua barabara, mwingine viza, na Houssein alitaka amtumie birika kubwa la chuma. Kasulu aliwasikiliza akiwaza kwamba kila mtu hapo alikuwa na haja na diwani. Yeye alikuwa na haja na mtoto, aketi tu uani amenye mihogo, na yeye baba amwone amerefuka kiasi gani.

Wakati huo basi la Muyinga lilikuwa limeshusha abiria. Mama mmoja mwenye gunia la maharage alikuja kupumzika kwenye ncha ya benchi wakati akingoja gari la Makebuko. Aliitwa Dorotea. Aliagiza kahawa nusu kikombe, akasikiliza kidogo.

— Mniwie radhi, alisema. Huyo binti amekuwa wa ngapi?

— Wa nne, mama, alijibu Houssein. Ameingia.

— Na viti viko vingapi?

— Vitano.

— Kule?

— Huku ni vitano. Mimi mwenyewe nilitoka wa tano.

— Ya kwako nimesikia. Mi nauliza kule kwake. Viti viko vingapi?

Houssein alimtazama Avoka. Avoka alivua miwani, akaifuta kwa kitenge cha kuuza. Egidius alitazama kikokotoo chake kana kwamba kingeweza kujibu.

— C'est-à-dire, yaani, alianza Avoka, akairudisha miwani puani.

Kasulu hakuwa nao tena. Swali la mama wa Muyinga lilikuwa limefukua kitu. Mwezi wa pili, Christina alimpigia akiwa njiani, mvua inasikika kwenye simu, akitoka kugonga milango. Alikuwa anacheka kwa uchovu. "Baba, huku kila mtu ana kura tatu, maana tunatakiwa watatu. Mimi naomba moja tu katika tatu zake, na bado wananifungia mlango!" Kasulu alikuwa amecheka naye, na akalisahau, kwa kuwa alichokumbuka ni mvua na kwamba mtoto hakuwa na mwavuli.

Kura tatu. Watu elfu moja na mia tisa, kila mmoja kura tatu, ingawa si wote waliozitumia zote. Hapakuwa na wizi wala mbwa. Aliweka kidole gumba kwenye kioo, akahesabu: elfu moja na kumi na mbili, mmoja, mia tisa sitini na nane, wawili, mia tisa arobaini na moja, watatu. Mlango ukafungwa. Christina alikuwa nje yake kwa kura thelathini na nane.

Furaha ilimjia kwa nguvu mpaka akashika ubao wa benchi. Anakuja! Agosti anakuja! Na nyuma ya furaha hiyo ikaja picha ya mtoto wake peke yake chumbani, bado amevaa viatu vilivyozunguka milango ya watu miezi minne, na Kasulu akajiona mtu mbaya. Vyote viwili vilikaa kifuani kwa pamoja, na hakuna kilichokubali kumpisha mwenzake.

Simu ikatetema mkononi. Aliinuka, akavuka barabara, akasimama kwenye ukuta wa duka la kufuli ambapo benchi lilimwona lakini halikumsikia.

— Baba. Umeona?

— Nimeona, mwanangu. Thelathini na nane.

Akamsikia anavuta pumzi kwa shida.

— Nilifikiri nitakuwa na kazi ya kukueleza. Thelathini na nane, Baba. Ni mtaa mmoja. Kuna mtaa mmoja sikuufika kwa sababu ya mvua.

— Pole, mama. Pole sana. Umejitahidi kuliko wote.

— Baba?

— Naam.

— Mbona sauti yako inacheka?

Katika miaka sitini na tatu Kasulu alikuwa amedanganya maofisa wa kambi, wakusanya kodi na padri mmoja, lakini si huyu. Aliegemeza paji la uso ukutani.

— Kitanda kiko tayari, alisema.

— Kitanda gani?

— Chako. Kwa Kasiano, fundi. Kimebaki vanishi tu.

— Nimeanguka usiku wa leo, Baba. Kimetengenezwa lini?

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema cha wageni.

— Tangu Machi, alisema.

Kisha Christina akaanza kucheka, kicheko kilichojaa makamasi, kile kile cha msichana wa miaka kumi na miwili, na baba yake akacheka naye akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Kule benchini Houssein aliwaonyesha kwa birika.

— Mnamwona? Mtu wa kushindwa hucheka hivyo? Mimi nilisema, wa nne anaingia.

— Ameingia, alisema Avoka, na Egidius akaafiki.

Mama Dorotea alimalizia nusu kikombe chake akimtazama mzee wa upande wa pili wa barabara.

— Sawa, alisema. Lakini bado hamjaniambia viti viko vingapi.