Kamba ya Baba Yangu Haikuwa na Kosa

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe! Mmeitika kwa unyonge. Na asifiwe tena! Nimekuja kushukuru, lakini sitawaficha: nashukuru huku nina hasira.

Mnamjua baba yangu, yule pale nyuma. Kazi yake ni kwenye korona, ile mashine ya kukwangua mkonge. Nilipopata nafasi ya darasa la kumi na tatu, yaani kidato cha tano, kusoma fizikia, wapo humu humu Nguvumali waliomwambia, "Mtoto wa korona atarudi korona." Mnajijua!

Muhula ulipoanza, uzi wa maabara ulikuwa umekwisha. Mwalimu, Mzungu asiyecheka, akasema kila mwanafunzi alete wake. Vijana wa mtaa wa Ngamiani walileta mishipi ya kuvulia. Baba alinisokotea kamba ya katani juu ya paja lake mpaka ngozi ikachubuka. "Hii haikatiki, mwanangu," akaniambia.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: unapima kamba, unafunga jiwe, unaliacha libembee, unahesabu muda, kisha unakokotoa jinsi dunia inavyovuta vitu. Kitabu kinasema jibu, ukihesabu kwa futi, ni thelathini na mbili. Mimi nikapata ishirini na tisa. Nikarudia. Ishirini na tisa. Mara ya tatu, ile ile!

Mwalimu akaishika kamba ya baba kwa vidole viwili, akaitupa kwenye ndoo ya taka mbele ya darasa zima. "Wenzako wamepata. Usipopata kufikia Ijumaa, hutaingia tena darasani kwangu." Ndugu zangu, sikuogopa. Nilitaka kumpiga!

Mhina, rafiki yangu wa bwenini, akanivuta kando. "Wee, andika thelathini na mbili ukale ulale. Sote twaandika vile!" Kumbe! Wale waliosifiwa walikuwa wamenakili jibu kitabuni. Nami, Mungu anisamehe, nikachukua kalamu. Nikaandika tatu. Nilipotaka kuandika mbili, nikakumbuka lile paja la baba lililochubuka. Nikafuta.

Nikapiga magoti nyuma ya maabara, kati ya chupa zilizovunjika. Sikuomba kwa adabu. Nilisema, "Bwana, jibu lao sina. Nina ishirini na tisa. Kama ni uongo, niaibishe. Kama si uongo, mbona waniacha?" Nililia kwa hasira mpaka sauti ikanikauka.

Nilipoinuka, moyo ulikuwa umetulia. Nikaitoa kamba kwenye taka, nikafunga jiwe, na kwa mara ya kwanza nikaipima ikiwa inaning'inia. Haleluya! Siku zote nilikuwa nikiipima imelala mezani, futi tatu. Jiwe lilipoivuta, msokoto ulilegea, ikawa futi tatu na inchi nne. Nikakokotoa upya: thelathini na mbili! Kamba ya baba haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, niliyeipima kabla haijabeba kitu.

Ijumaa nikamwonyesha mwalimu. Alipima mwenyewe mara mbili. Akasema, "Sawa," akaweka alama ya vema, akaenda zake. Hajaniomba radhi mpaka leo! Hilo bado linanichoma, niombeeni.

Lakini sikuepushwa na kufukuzwa tu, ndugu zangu. Niliepushwa na ile mbili niliyotaka kuiandika. Ningeiandika, ningesoma fizikia maisha yangu yote nikijua mimi ni mwongo. Basi wewe unayemwambia Mungu kila Jumapili kwamba hujambo, huna neno, na moyoni una ishirini na tisa yako, mpe hiyo hiyo! Mwamini. Hataitupa kwenye ndoo.

Baba, hebu simama wakuone. Na ninyi mliosema nitarudi korona, simameni pia, nendeni mkampe mkono.