Jovin Alipokwenda Kubadilisha Kadi

Pembeni mwa Barabara ya Zhanqian, jijini Guangzhou, China, pale maduka ya nguo za jumla yanapomwaga marobota yake hadi kwenye njia ya miguu, palikuwa na benchi refu la mbao, limeegemezwa ukutani mwa ofisi ya wakala wa mizigo. Nani aliliweka, hakuna aliyejua. Watu wa Afrika Mashariki walilifanya kijiwe chao kwa sababu ya kivuli, na kwa sababu ya Mwikali, mama wa Kikamba aliyeuza kahawa ya tangawizi kutoka kwenye chupa mbili kubwa za chai. Mwaka ule wa 2009 kijiwe kilikuwa kimepungua watu. Polisi walikagua pasipoti kwenye vituo vya treni, kwenye lifti za maduka, hata kwenye milango ya migahawa, na aliyeishiwa viza alijifunza kupita vichochoroni. Waliobaki benchini waliongea kwa sauti ya chini kuliko zamani, lakini waliongea.

Jumanne moja ya Juni, Cornel alikuwa amekaa kwenye ncha ya benchi hilo, kikombe mkononi, kila baada ya muda anatazama saa kwenye simu yake. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwenye studio ya kuhariri video za harusi, kipaimara na misiba. Kijiweni walimwita Mega, maana hakuweza kumaliza dakika kumi bila kutaja megabaiti. Kando yake alikaa Salvatory, mnunuzi wa suti kutoka Karagwe, aliyeitwa Wakili ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi wa kesi ya shamba. Upande wa pili alikuwa Karanja wa Nairobi. Yeye kazi yake ilikuwa kupakia mizigo kule bandari ya Huangpu, na jina lake la kijiweni lilikuwa Kontena.

Kilichomfanya Cornel atazame saa ni kadi ya grafiki, kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachofanya kazi ya kutoa picha kwenye skrini. Aliinunua mwezi Machi, safari iliyopita. Walioitengeneza walikuwa na utaratibu ambao Cornel aliusimulia kijiweni mpaka wenzake wakaukariri: unaisajili kadi yako kwa namba yake, halafu ndani ya siku tisini unaweza kuirudisha, ukaongeza tofauti ya bei, ukapewa kadi kubwa zaidi iliyotoka karibuni. Naye aliihitaji kweli. Harusi moja ilikaa siku mbili ndani ya kompyuta yake kabla haijawa DVD, na maharusi walikuwa wameanza kumjia juu. Siku ya tisini ilikuwa hiyo Jumanne.

Kituo cha huduma cha kampuni hiyo kilikuwa ng'ambo ya mji, Tianhe, ghorofa ya tatu ya jengo la maduka ya kompyuta. Asubuhi Cornel alimkabidhi Jovin kadi ndani ya boksi lake, pamoja na risiti na pesa ya nyongeza, akamwomba aende kuibadilisha. Jovin alikuwa mtu wa makamo kutoka Muleba, mwaka wake wa sita Guangzhou, anayejua Kichina mpaka cha kugombana. Nusu ya biashara za watu wa benchi zilipita mdomoni mwake. Viza yake ilikuwa imekwisha tangu Januari, na kila alipokwenda kuomba kuongezewa alirudishwa. Hilo wote walilijua. Asubuhi ile alisita kidogo, akauliza kama ni lazima iwe leo. Cornel akamjibu kwamba kesho utakuwa umepita muda, kadi itabaki ile ile. Jovin akasema sawa, akaweka boksi kwapani, akaondoka.

Saa saba mchana simu ya Cornel ililia. Mwanamke akaongea Kichina harakaharaka, na Cornel akaambulia neno moja tu, meiyou, lile ambalo wenye maduka humjibu mtu wakimaanisha hakuna. Alilisikia mara tatu, kisha simu ikakatika. Akampigia Jovin. Iliita mpaka ikaacha. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Akawaeleza wenzake. Wakili akakohoa kama anayesimama mbele ya hakimu.

— Wameikataa kadi. Hata mimi nilishangaa toka mwanzo. Duka gani linapokea kitu kilichotumika likakupa kipya?

Cornel akaeleza upya kwamba si duka, ni walioitengeneza wenyewe, na masharti yao ameyasoma kwa macho yake. Wakili akasema hapo ndipo alipotaka wafike. Kama ni wenyewe, basi wanataka kadi zirudi kwao kwa sababu fulani. Mtu anaandika jina lake, namba ya simu na ya pasipoti kwenye fomu, kwa hiari yake, tena anashukuru. Serikali haina haja ya kutafuta wageni mitaani iwapo wageni wanajiorodhesha wenyewe kaunta.

Kontena alikuwa anatikisa kichwa. Yeye aliona Wakili hajaenda mbali vya kutosha.

— Buda, fomu ni kitu kidogo. Hiyo kadi imepitisha picha zote za kompyuta yako, si ndiyo? Basi imezihifadhi. Ukiirudisha, wasee wanaichomeka kwao, wanaona kila kitu. Harusi zote za Bukoba. Nani alikaa karibu na nani.

Wakili akauliza polisi wa Guangzhou watafanyia nini harusi za Bukoba. Kontena akajibu kwamba nyuso ni nyuso. Kuna mashine siku hizi inayopima macho na pua, na aliyewahi kucheza muziki mbele ya kamera ya Mega hatapita tena uwanja wa ndege wa Baiyun bila taa nyekundu kuwaka. Wakili akaanza kukumbuka kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuonekana kwenye video ya harusi ya shemeji yake, akauliza kwa wasiwasi ilihaririwa na nani.

Siku nyingine Cornel angecheka. Siku ile alijikuta anasikiliza kwa makini, anauliza maswali, hata anaongezea ya kwake. Alikumbuka kwamba namba ya kadi ilikuwa na tarakimu nyingi kupita kiasi. Yalikuwa maneno ya kijinga na alijua ni ya kijinga, lakini kila yalipopungua kulikuwa na jambo jingine linalongoja kufikiriwa, naye hakutaka kulifikia.

Mwikali ndiye aliyelitaja. Alikuwa anasuuza vikombe, hakuinua hata kichwa.

— Jovin hazimi simu, alisema.

Kontena akaagiza kahawa nyingine ambayo hakuinywa.

Saa nane na nusu alikuja Mutiso. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa simu kutoka Machakos, mwenye kibanda kwenye jengo lilelile la Tianhe, na si mtu wa kukaa kijiweni. Alipita pale mara moja moja kumsalimu Mwikali kwa Kikamba. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Chini ya mkono alibeba boksi jipya, jeusi, lenye picha ya kadi juu yake. Alilitua benchini pembeni ya Cornel, kisha akabaki amesimama.

— Ni wewe Mega?

Cornel akakubali.

— Jovin amesema nikupe. Amesema risiti iko ndani.

Cornel aliliangalia boksi na kwa nukta moja, ambayo baadaye aliona aibu kuikumbuka, moyo wake ulitulia. Ilikuwa kadi aliyoitaka. Kisha akauliza mwenyewe yuko wapi.

Mutiso alieleza polepole, kama mtu anayejisikiliza. Polisi waliingia kwenye jengo saa tano na nusu, wakafunga mlango mkubwa na lifti, wakaanza kupanda ghorofa moja moja wakikagua pasipoti. Jovin alikuwa amemaliza mambo yake; kadi ya zamani ameshairudisha, mpya ameshapewa. Alifika kibandani kwa Mutiso, akampa boksi na ujumbe ule. Mutiso alimwambia ajifiche nyuma ya makatoni. Jovin akakataa, akasema wakimkuta hapo Mutiso naye ataingia matatani na kibanda kitafungwa. Akakimbilia ngazi za nyuma. Askari walikuwa wanapanda ngazi hizo hizo. Pale ghorofa ya pili palikuwa na dirisha wazi, na chini yake kiyoyozi kilichofungwa ukutani. Akatoka kwa dirisha, akakanyaga kile kiyoyozi.

— Kiling'oka, alisema Mutiso. Kiling'oka naye akiwa juu yake.

Wakili alishika kichwa kwa mikono miwili. Kontena aliinuka, akatembea hatua chache, akarudi kukaa palepale. Cornel alitaka kuuliza swali moja na hakuweza, mpaka Mwikali akamuulizia. Mutiso akasema hapana, yu hai. Aliangukia paa la bati la kibaraza, likapunguza kishindo, ila mguu na nyonga vimevunjika na alikuwa anapiga kelele. Wamempeleka hospitali na askari analinda mlango. Mama wa kaunta ya kituo cha huduma ndiye aliyepiga namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu, kuwaambia ndugu zake kwamba mtu wao hayupo tena pale.

Hakuna aliyetaja tena namba za kadi wala mashine ya kupima pua. Boksi lilikaa benchini, na Wakili aliyekuwa karibu nalo alijisogeza kidogo pembeni.

Ndivyo Dainess alivyowakuta. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kitenge begani na sanduku ambalo gurudumu lake moja limeshakufa. Alimwamkia Mwikali shikamoo, akawasalimu wanaume, akasema yeye ni dada yake Jovin, ametua Baiyun asubuhi kwa mara ya kwanza, kaka yake alimwelekeza apande basi la uwanja wa ndege aje aulize benchi hili. Anampigia hampati. Alikuwa anatabasamu kwa uchovu wa safari.

Mwikali alimkalisha, akamshika mkono, akamwambia. Hakuzunguka wala hakuficha la mguu, la nyonga wala la askari mlangoni. Dainess alisikiliza bila kulia. Tabasamu lilichelewa kumtoka, kana kwamba uso haujapata habari. Akauliza hospitali iko umbali gani. Akauliza Jovin alifuata nini kwenye jengo hilo, wakati kwenye simu alimwapia kwamba haendi tena mahali penye watu wengi.

Wote walitazama boksi. Wakili, ambaye hakuwahi kuacha swali lipite, akajaribu kumweleza: kwamba kuna utaratibu wa kampuni, unarudisha kadi ndogo unapewa kubwa, kwamba leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Sauti yake ilififia kabla hajamaliza.

— Kadi ni ya nani?

— Yangu, alisema Cornel.

Dainess alimgeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Cornel zaidi. Alimtazama kama mtu anayetaka kuelewa.

— Na wewe kaka, huna viza?

— Ninayo. Mpaka mwisho wa mwezi.

— Sasa mbona hukwenda mwenyewe?

Cornel angeweza kusema hajui Kichina, lakini kwenye kaunta ile fomu ilikuwa na Kiingereza, na yeye alishaijaza yote nyumbani. Angeweza kusema alikuwa na kazi, lakini toka asubuhi alikuwa amekaa hapo anakunywa kahawa. Jua lilikuwa kali, treni zinajaa, na Jovin hakuwahi kumkatalia mtu. Hakukuwa na kingine. Alitazama kwa Wakili, na Wakili alikuwa anatazama viatu vyake. Kontena naye alijifanya anatafuta kitu mfukoni, kwa maana wiki iliyopita yeye ndiye aliyemtuma Jovin bandarini. Mwikali alimimina kahawa ya mwisho ya chupa, akampa Dainess, asidai kitu.

Cornel akainuka, akachukua sanduku lile bovu.

— Twende, alisema. Nitaingia na wewe.

Mutiso aliwasindikiza mpaka getini mwa hospitali. Mlangoni mwa wodi askari alipokea pasipoti mbili, akazigeuza ukurasa kwa ukurasa, akawaruhusu waingie huku naye akiwafuata nyuma. Jovin alikuwa amelala chali, mguu umefungwa mpaka kiunoni, midomo imempasuka. Alipomwona dada yake alifunika macho kwa mkono. Dainess akaupiga mkono ule kofi dogo, akaushika, na hapo ndipo alipolia.

Askari akamwonyesha Cornel kidole, akauliza neno. Cornel hakuelewa. Ilibidi mgonjwa mwenyewe atafsiri, kwa sauti iliyokwaruza.

— Anauliza wewe ni nani kwangu.

— Mwambie ni mimi niliyekutuma.

Jovin akamwambia askari maneno mawili matatu, na askari akaandika kwenye daftari lake, akatoka kusimama mlangoni.

— Umemwambia nini?

— Kwamba wewe ni mteja tu, umekuja kuniona. Ukisema umenituma, watakuweka ndani na wewe, na huyu atabaki na nani.

Cornel akaketi kwenye ukingo wa kiti. Alitaka kuomba radhi na kila neno aliloliokota lilikuwa dogo. Jovin alikuwa amefumba macho, walidhani amelala. Baada ya muda akauliza, bila kuyafumbua, kama ile kadi ni yenyewe, maana pale kaunta hakupata nafasi ya kufungua boksi kuangalia.

Cornel akamjibu ndiyo, ndiyo yenyewe. Boksi hakuwa amelifungua. Lilikuwa bado kule benchini, na hakukumbuka kumwambia mtu alichunge.