Mshumaa wa Waridi

Basini asubuhi, mama mmoja anayetunza altare alikuwa akimlalamikia muuguzi aliyetoka zamu. "Jana, Jumapili ya pili ya Majilio kuelekea Krismasi, katika ile mishumaa minne niliwasha wa rangi ya waridi, ule wa furaha. Siku yake ni Jumapili ijayo! Padri kanigombeza mbele ya kwaya nzima."

"Kwani furaha ikiwahi wiki moja nayo ni kosa, mama?"

"Kosa, mwanangu. Majilio ni kungoja."

Muuguzi akapiga miayo. Mimi niliyekaa nyuma yao, nisiyehusika, nikapiga pia. "Wodini nangoja dawa," muuguzi akasema, "nangoja daktari, nangoja wa kunipokea zamu. Nimechoka kungoja."

Mama akaukumbatia mkoba wake. "Kwani wewe unadhani niliuwasha kwa nini?"

Basi likasimama. Akashuka bila kungoja jibu.