Velo Thelathini na Moja Zilizoandikwa Muzee

Mgeni rasmi, Maman Mkurugenzi wa mradi. Viongozi wa wilaya na wa sekta mliofuatana naye. Wakubwa wa mpaka mliotoka kazini kuja kutusikiliza. Wateja wetu wa pande zote mbili za daraja: amani iwe kwenu.

MAKARIBISHO

Karibu Rusizi ya Kwanza, hapa kwetu mpakani, Maman. Tumeambiwa umetoka Kigali alfajiri na kwamba kona za msitu wa Nyungwe zimekuumiza kichwa. Pole sana. Tumekuandalia chai na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, usituondokee kabla hujaonja.

SISI NI NANI

Sisi ni watu thelathini na mmoja, wanaume kumi na tisa na wanawake kumi na wawili, ambao miguu yetu haitubebi. Wengine ni polio, wengine ajali, wawili ni vita. Kazi yetu ni kuvusha mizigo kati ya Kamembe na Bukavu kwa velo ya mikono, ile ya magurudumu matatu ambayo mwenyewe anakaa na kuzungusha pedali kwa mikono, na msukumaji anashika chuma cha nyuma. Tunavusha unga, vitunguu, vitenge, sabuni, na chochote ambacho mteja hawezi kukibeba. Tunajua wenye magari wanatuita "bakubwa ba barabara" kwa sababu hatupishi. Ni kweli hatupishi. Velo yenye kilo mia mbili ikishaanza kuteremka haina adabu.

VELO ZETU

Zote zimetengenezwa na fundi Harelimana, Mwislamu wa Kamembe. Ya kwanza aliichomelea mwaka 1997 kwa mabomba ya maji na magurudumu ya baiskeli, akampa Papa Ntabaza, mwanachama wetu wa kwanza. Papa Ntabaza anaiendesha mpaka leo. Amebadilisha minyororo tisa, na matairi hatukumbuki mangapi, lakini fremu ni ileile na haijamwacha njiani hata siku moja. Mkewe alipopatwa na uchungu wa mtoto wa nne, alifika hospitali juu ya velo hiyo, godoro chini yake.

Kitu kikivunjika, fundi anakichomelea palepale, mteja akisubiri. Spoku na mipira ya breki tunazipata kwa muuza vipuri yeyote wa soko la Kamembe. Hatujisifu, Maman. Tunakueleza kinachotulisha.

KOSA LETU

Miezi mitano iliyopita karani wa mradi alikuja na fomu. Akauliza kila mmoja: "Velo yako iko katika hali gani?" Papa Ntabaza alijibu wa kwanza, kwa ile sauti yake ya kwaya: "Andika muzee. Hii yangu ni muzee kabisa." Tukaona amejibu vizuri, nasi wote tukasema hivyo hivyo. Hata Cubaka, ambaye velo yake haikuwa imefikisha miaka miwili, alisema muzee, watu wasije wakadhani ya kwake haina heshima.

Hapa kwetu, Maman, chombo kilichozoea kazi, kisichokuaibisha mbele ya watu, tunakiita muzee kama tunavyomwita baba. Karani alitoka mbali, akasikia kwamba kimechakaa. Ripoti ikasema: velo thelathini na moja, zote mbovu, ziondolewe. Hatumlaumu. Ni sisi tuliotia saini bila kuuliza kimeandikwa nini. Ndiyo maana leo umetuletea velo mpya thelathini na moja, na lori la vyuma chakavu limeegeshwa pale likingoja zetu.

VELO MPYA

Ni nzuri kwa macho, na kiti chake ni laini. Zilitangulia kufika kabla yako, na siku ya Jumanne Cubaka alijaribu moja kwa magunia mawili ya unga. Nyuma haina chuma cha kushika, kwa hiyo msukumaji alimsukuma Cubaka mwenyewe mgongoni. Kwenye mlima wa kutoka mpakani gurudumu la mbele likapinda. Fundi Harelimana akaliangalia, akasema: "Hii haiko chuma. Nikiiweka moto itayeyuka yote. Mimi sitaigusa." Cubaka alirudishwa nyumbani na Papa Ntabaza, yeye na unga wake.

MAOMBI

Ombi la kwanza, na hili ndilo lililotuleta hapa: lori liondoke tupu. Maman, tunaogopa. Muntu asiye na miguu akinyang'anywa velo, siku hiyohiyo anakuwa ombaomba. Kabla ya velo hizi, zaidi ya nusu yetu tulikuwa tunakaa mlangoni mwa soko tukinyoosha mkono. Hatutaki kurudi pale.

La pili, velo mpya tunazipokea kwa shukrani, na tunaomba ziende kwa wanafunzi wenye ulemavu wa sekta za Butare na Gikundamvura, ambao mzigo wao ni daftari tu.

La tatu, kama mradi bado una nguvu, fundi wetu apate mashine ya kuchomelea. Aliyonayo nayo ni muzee, na safari hii tunamaanisha imechoka.

KWA KUMALIZIA

Mwongozaji wa sherehe alipanga viti vya plastiki thelathini na moja mbele yako, tukae hapo wakati velo zinapakiwa. Unaona viko vitupu. Usidhani ni dharau. Wenzangu wako kule nyuma, kila mmoja juu ya velo yake, breki amezikaza, na mimi ninayekusomea nimekaa juu ya yangu. Jana tulikubaliana kwamba hakuna atakayeshuka. Anayetaka kuzipakia, atupakie na sisi.

Mungu akupe afya, akubariki wewe na nyumba yako, akupitishe Nyungwe salama.

Ni sisi wako,
Ushirika wa Wavushaji wa Velo za Mikono TUSUKUMANE, Rusizi ya Kwanza.
Imesomwa na Nyirabagenzi, mwandishi wa ushirika.