Mlima Ulipasuka Ufilipino

Juu ya lori la mbuzi kutoka Modogashe, mwaka wa tisini na mbili, baharia Abdilatif, aliyerudi likizo, alimsimulia mama aliyeketi kando yake, nasi abiria wengine tukisikiliza.

"Wallahi, eddo, shangazi yangu, mlima ilipasuka Ufilipino. Mchana ikawa giza, majivu ikanyesha. Watu mingi walikufa."

"Inna lillahi. Na mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi ya hao watu. Majani imefunikwa, itakula nini? Waliwahi kuchinja, ama ilikufa kibudu?"

"Mimi nilikuwa melini, mbali kidogo."

Nikamhurumia baharia. Tangu Modogashe alikuwa ametutia hofu vizuri sana.

Lori likasimama kwenye kizuizi cha polisi, Garissa. Mama akatafuta kipande chake cha kitambulisho. "Basi wewe uliona moshi," akasema. "Wenye kuona wako huko, wanatafuta majani."